Kidato cha tano tuliambiwa tuache rula getini

Najua nilipotea. Kulikuwa na testi, kulikuwa na kazi za makundi ambazo kundi lenyewe ni mimi peke yangu, halafu bumu likakata roho kabla ya mwezi kuisha, kama kawaida yake. Lakini leo sikuja kulia njaa. Leo nina hasira, na hasira hii nimelala nayo, nimeamka nayo, nikaona niishushe hapa kabla haijaniharibia siku ya pili.

Ilikuwa hivi. Jana kwenye semina ya mitaala tulikuwa tunajadili huu mkondo wa amali. Akasimama mwenzetu mmoja, mtu wa suti hata siku ya joto la Dodoma, akasema: "Tuseme ukweli jamani, ufundi ni wa wale waliokosa alama za kwenda kidato cha tano." Darasa zima likacheka. Nikanyoosha mkono. Mhadhiri akaangalia saa, muda umekwisha, tukatoka. Basi bwana, mkono wangu mpaka sasa hivi uko juu.

Nianze na mimi mwenyewe, maana msemaji lazima aonyeshe kadi yake. Olevo nilisoma shule moja ya ufundi, jina naliweka kapuni. Pamoja na masomo ya kawaida tulikuwa na uchoraji wa kihandisi, sisi tukiuita droingi tu, na tulikuwa na karakana. Karakana yenyewe ilikuwa kuukuu. Jiriwa zake nyingine zilikuwa hazikazi mpaka uweke kipande cha mti katikati, na randa tulikuwa tunapokezana kama sigara. Lakini ilikuwa karakana, na ilikuwa wazi.

Mwalimu wetu wa droingi alikuwa mzee wa maneno machache. Alikuwa anapita kati ya meza, anainama juu ya karatasi yako, anaweka kidole kwenye mstari mmoja, anasema, "Huu unadanganya." Basi. Hakuambii unadanganya vipi. Unabaki na seti skwea yako na penseli ya 2H unatafuta uongo ulipo. Kumbe umechora kitu kinachoonekana kizuri kwa mbele, ila ukikitazama kwa juu lile tundu ulilochora haliwezi kuwepo pale. Mtu akienda kukitengeneza kwa mchoro wako atapoteza chuma cha watu.

Kidato cha tatu tukatengeneza sanduku la vifaa la bati. Unachora umbo lililokunjuliwa, yaani sanduku likiwa limelazwa bapa kama ngozi ya mbuzi, unahamishia kwenye bati, unakata, unakunja. Mimi nikasahau kuacha sehemu ya kukunjia kwenye ubavu mmoja. Kwenye karatasi hakuna aliyeona, hata mimi. Bati likaona! Nilipokunja, kona moja ikabaki wazi kidole kizima, na mfuniko haukufunga mpaka leo. Sanduku hilo mama yangu anawekea viazi. Kila nikienda nyumbani nalikuta jikoni, linanikumbusha milimita kumi na mbili nilizozisahau.

Nimesimulia hayo kwa sababu moja. Hakuna somo lingine lililowahi kunionyesha kosa langu kwa namna ile. Mwalimu hakuhitaji kuniwekea kosa la kalamu nyekundu, lilikuwa mkononi mwangu.

Sasa njoo kidato cha tano.

Nikachaguliwa PCM. Fizikia, Kemia, Hisabati, na General Studies ya kusindikizia. Nyumbani wakachinja jogoo. Nikafungasha godoro, ndoo, jembe na fyekeo (waliosoma bweni wanaelewa), na ndani ya tranka nikaweka rula yangu ndefu ya T na ubao mdogo wa kuchorea niliotengeneza mwenyewe. Siku ya kuripoti, mwalimu wa zamu anakagua mizigo, akaishika ile rula akaigeuza geuza. "Hii ya nini?" Nikamwambia ya droingi. Akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, akasema, "Huku hakuna hayo, mwanangu. Huku ni shule." Rula ikabaki kwenye chumba cha mlinzi. Sijui iliishia wapi. Labda mlinzi alifukuzia mbwa.

HUKU NI SHULE. Hilo neno nimelibeba miaka miwili.

Mnaouliza kidato cha tano na cha sita kwa mtu aliyetoka ufundi kukoje, ni hivi: unakuwa mtu wa kichwa na mkono wa kuandikia tu, basi. Msuli usiku kucha, miguu kwenye beseni la maji ili usisinzie, madesa ya shule za majina makubwa yanazunguka mpaka maandishi yanafutika. Advansi yetu inasifiwa kuwa ngumu, na kweli ni ngumu, sikatai. Hesabu za kule zimenifanya niheshimu watu. Lakini ugumu wenyewe ni wa kupanda mlima ambao juu yake hakuna kitu cha kushika.

Mtasema, mbona kuna praktiko? Haya, tuongelee praktiko. Pepa ya tatu ya Fizikia, unaning'iniza kijiwe kwenye uzi, unakibembeza, unahesabu muda, unatafuta mvutano wa dunia. Nani asiyejua jibu ni 9.8? Mtoto mzima unajua jibu kabla hujafunga fundo la uzi. Kwa hiyo unafanya nini? Unapika data. Unaanza na 9.8, unarudi nyuma mdogo mdogo mpaka unapata muda ambao ungetakiwa kuupata, unauchafua kidogo usionekane msafi sana, unachora grafu. Mimi nilipata 9.79 siku ambayo uzi wangu ulikatika mara mbili. Kila aliyepita PCM au PCB akinisoma hapa anatabasamu, maana anajua jikoni kwake palikuwaje.

Angalieni tofauti basi. Karakana ilinifundisha kwamba kitu kikikataa, kimekataa, rudi ukachore upya. Maabara ya advansi (nasema niliyoiona mimi) ilinifundisha kwamba kitu kikikataa, pika. Halafu tunashangaa majengo yanapasuka.

Na usiniambie "hao wanaotaka ufundi si waende VETA". Nilijua utasema. VETA ipo kisheria tangu 1994 na inafanya kazi yake, vyuo vya ufundi vipo, Arusha Tech ipo tangu 1978, ile Dar Tech ya zamani imekuwa DIT tangu 1997. Sijasema neno baya juu yao. Swali langu ni jingine: kwa nini mtu akitaka kufikiri kwa kichwa na mikono kwa pamoja lazima atoke kwenye njia inayoitwa ya wenye akili? Nani aliamua kwamba njia panda iko pale pale mtoto anapomaliza kidato cha nne, kichwa kushoto, mikono kulia?

Tuulize historia. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na tunaisoma hapa chuoni mpaka tunaiota. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Shule kama Ifunda na Moshi zilianza zamani zaidi, wakati wa mkoloni, miaka ya 1950, zikiwa za ufundi. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka hata mtu wa kidato cha sita akafanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Unaweza kuyapinga hayo, na mengine yalikuja kuachwa, lakini wazee wale angalau tatizo waliliona. Tuliowafuata tumelifanya swali la mtihani: "Eleza kwa hoja sita falsafa ya Elimu ya Kujitegemea." Alama ishirini. Unakaa kwenye kiti ambacho hujui kimeungwaje, unaeleza kujitegemea.

Mwaka 2024 tukatangaziwa tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa, mpya 49, jumla zikawa 65. Nilifurahi kama mjinga! Nilikaa na simu nikipitia orodha ile kwa kidole. Makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa, elimu ya dini. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu, nikidhani nimeruka mstari. Kundi linaloitwa ufundi sikuliona. Michezo ipo, na nafurahi ipo, wachezaji wetu wasome. Dini zipo. Sanaa ipo. Mtu wa kubuni na kutengeneza kitu ndiye aliyesahauliwa kwenye basi lenye viti 65.

Na haya si mambo ya mbinguni, majirani wanayo. Uganda wamerithi mfumo wa kidato cha tano na cha sita kama sisi, kutoka kwa Mwingereza yule yule. Kule mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho anaweza kufanya Fizikia, Hisabati na uchoraji wa kiufundi, na Baraza la Mitihani lao linamtahini, na kuna useremala na ufundi chuma kwenye ngazi ile ile. Dunia haijapasuka Kampala. Kenya wameanza sekondari ya juu ya mtaala wao mpya Januari 2026, na kwenye njia yao ya sayansi wameweka masomo ya ufundi kama useremala, umeme na ujenzi. Itawafikisha wapi tutaona, maana kutangaza na kufundisha ni vitu viwili, na hata sisi tunatangaza vizuri sana. Lakini mlango wameuweka.

Huyo Mwingereza mwenyewe aliyetuachia kidato cha sita, kwake kuna somo la ubunifu na teknolojia lililoingia kwenye mtaala wa taifa 1990. Mwanafunzi wa umri wetu wa kidato cha sita nusu ya alama zake anazipata kwenye kitu alichokibuni: anatafuta mtu mwenye tatizo la kweli, anachora, anatengeneza, kinaharibika, anaandika kwa nini kimeharibika, anarudia. Nusu ya alama! Sitaki kuwapamba. Kwao pia wanaolichukua wamepungua mno tangu miaka ya 2000 na walimu hawatoshi, kwa hiyo msinipeleke mbio kwamba natamani Ulaya. Ninachouliza ni hiki: sisi tulichukua kidato cha sita, tukachukua General Studies, tukachukua hadi viranja na kengele, mbona hiki hatukukipokea?

Ubunifu wenyewe wala hauhitaji kuagizwa kwa meli. Niko Dodoma. Ukitoka nje ya mji kidogo utaziona tembe za Wagogo, zile zilizobaki, paa bapa la udongo juu ya miti. Mtoto wa PCM anapita pale anasema "umaskini". Mkalishe chini aipige hesabu. Mvua ya huku haifiki hata milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na inanyesha miezi michache tu, Desemba mpaka Aprili hivi. Jua ni kali mchana, usiku wa Juni na Julai upepo unakata masikio. Ukuta mnene wa udongo unafanya nini na joto? Paa bapa linabeba uzito kiasi gani likilowa, na nguzo zipangwe kwa umbali gani? Hiyo ni Fizikia ya kidato cha sita tupu, na aliyeitatua hakuwa na kikokotoo. Hizo bati tunazoezeka sasa hivi zinatuoka kama mikate, tunaita maendeleo.

Au zabibu. Mkoa huu ndio wa zabibu, kila mtu anajua. Zikiiva zinaiva kwa pamoja, na mkulima asiye na mnunuzi siku hiyo anaangalia mali inaoza. Kikaushio cha jua, kreti isiyoponda, kivuli cha kubebea kwenye bajaji, yote hayo ni kazi ambayo kijana wa miaka kumi na nane anaweza kuishika kwa miezi sita akaja na kitu. Kibovu, sawa. Chenye kona iliyobaki wazi kidole kizima. Lakini kitu. Badala yake kijana huyo huyo anakariri hatua za kutengeneza asidi ya salfuriki kiwandani, kiwanda ambacho hajakiona hata kwenye picha ya rangi.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Majengo kununua jiko la mkaa (hosteli haturuhusiwi, ni la dada yangu, msinichongee). Fundi amekaa chini, ana bati la pipa, anataka kukata kile kipande cha juu cha jiko kilichopanuka kama bakuli. Kwenye droingi ile ni pia iliyokatwa kichwa. Kuikunjua, unarefusha mbavu zake mpaka zikutane, pale zinapokutana unaweka kompasi, unachora matao mawili, la ndani na la nje, kisha unapima urefu wa tao ulingane na mzingo wa mdomo. Nilikesha siku mbili kidato cha tatu kulielewa hilo. Yule mzee akapigilia msumari kwenye ubao, akafunga uzi, mwisho wa uzi akafunga kipande cha chaki, akachora tao la kwanza. Akafupisha uzi, akachora la pili. Akazungusha ukanda wa kitambaa kwenye mdomo wa jiko la jana, akaulaza juu ya tao, akaweka alama, akakata. Dakika tatu hazikuisha.

Nikamuuliza, "Mzee, nani alikufundisha?" Akanijibu, "Baba. We unasoma chuo hicho cha juu?" Nikasema ndio, nasomea ualimu. Akasema, "Basi mkawafundishe watoto, hawa wanaokuja hapa na vyeti hawajui hata kupima."

Sikuwa na la kusema, nikalipia jiko.

Kwa hiyo yule mwenzangu wa suti aliyesema ufundi ni wa waliokosa alama, ningependa apewe bati, msumari na uzi. Mimi nitakaa pembeni na saa.

Sasa hoja ya hela. Hii ndiyo wanayoipenda: "karakana ni gharama." Kweli ni gharama. Mashine za kisasa ni ghali na kuzitunza ni ghali zaidi. Lakini ubao wa kuchorea? Uzi na msumari? Vipande vya bati vinavyotupwa kwa mafundi? Na mbona maabara ya kemia hatukusema ni gharama, tulichangishana nchi nzima tukajenga maabara kila kata? Tukitaka kitu tunakichangia. Hili hatujalitaka, tuseme tu.

Ngoja niwape kisa cha jamaa yetu, tulikuwa tunamwita Rula. Olevo tulikuwa wote. Huyu bwana alikuwa anachora kama anavyopumua. Unampa nati na bolti, anakuchorea kwa pande tatu huku anapiga stori za Simba na Yanga, na hafuti. Kidato cha nne akapata A ya droingi, na masomo mengine ya kumtosha, akaja PCM pamoja na mimi maana wote tulitaka uhandisi. Ile A yake haikuwa na kazi tena, hakuna aliyeiuliza. Kemia ikammeza. Hisabati alipata C, Fizikia E, Kemia F. Divisheni three ya pointi 15. Uhandisi ukaishia hapo.

Sasa hesabu wenyewe. Wenzetu kibao wameingia uhandisi bila kuwahi kushika ubao wa kuchorea maisha yao yote, mwaka wa kwanza wanaanza kufundishwa kushika seti skwea, na wengine wananipigia simu usiku niwaelekeze isometriki. Aliyeijua tangu ana miaka kumi na tano yuko Nkuhungu anakata aluminiamu za madirisha. Mlango ulikuwa unapima kitu kimoja tu.

Haraka haraka nikiri jambo, nisije nikaonekana mnafiki: Rula hana njaa. Anaingiza hela kuliko mimi, na bumu langu, na kiburi changu cha digrii. Mara mbili amenikopesha. Anachora madirisha yake nyuma ya maboksi ya vigae kwa kalamu ya kawaida na yanakaa sawa. Nilipomwambia naandika habari hii akasema, "Usiandike kama nimekufa." Haya, sijaandika. Lakini Rula alitaka kujenga madaraja, na hilo halijamtoka, maana akipita kwenye daraja lolote lazima achungulie chini.

Kilichonifanya nisilale sio Rula wala mtu wa suti. Ni dogo mmoja.

Mwaka 2025 nilikwenda mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja nje ya mji, jina nalo kapuni. Ina mkondo wa amali, ule ulioanza na kidato cha kwanza Januari 2024 chini ya sera mpya. Nikapewa Hisabati na Fizikia za kidato cha pili. Karakana ilikuwepo, rangi mpya, vifaa ndani vikiwa bado na nailoni zake. Funguo anayo mkubwa, na mkubwa yuko kwenye kikao. Kwa wiki nane nilizokaa pale ilifunguliwa siku moja, alipokuja mgeni. Basi mimi nikawapeleka chini ya mbuyu na uzi na misumari, tukakunjua pia kwenye maboksi. Wale watoto walipagawa! Kengele ya chakula iligonga wakabaki. Walimu wenzangu wanajua kengele ya chakula maana yake nini.

Siku ya mwisho akanifuata binti mmoja, mdogo kwa umbo, daftari lake limejaa michoro ya mageti. Akaniuliza kwa adabu kabisa, mikono nyuma: "Mwalimu, shikamoo. Nikimaliza form four nataka kwenda advansi, lakini sitaki kuacha hii. Nichague kombi gani?"

Wandugu, nina miaka karibu mitatu ya kusomea ualimu. Nimesoma saikolojia ya elimu, nimesoma nadharia za ujifunzaji, nimesoma falsafa, namjua Dewey, namjua Nyerere kwa kurasa. Nikamwangalia yule mtoto nikaona sina jibu. Nikamwambia, "PCM ni nzuri." Akaniangalia tu. Watoto wanajua ukiwa unapika data.

Kundi lao la kwanza litafanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2027. Wenye kutaka kidato cha tano wataripoti katikati ya 2028, wakiwa na tranka, na ndani ya tranka wana rula. Tunaambiwa vyuo vitawapokea, sawa, na wengi vyuo vitawafaa. Lakini huyu ametaka advansi, na ana akili za advansi, na mimi kufikia wakati huo nitakuwa mwalimu wa zamu mahali fulani, nimesimama getini nakagua mizigo.

Fizikia, Hisabati, Ubunifu na Uchoraji. Hiyo ndiyo kombi ninayoitaka, ya 66. Pepa moja ya kuandika, na nusu ya alama kitu alichokitengeneza mwanafunzi kwa ajili ya mtu anayeishi kijiji cha jirani. Msahihishaji asafiri akakiguse, kama kinavuja kivuje mbele yake. Walimu watatoka wapi? Nichukueni mimi. Tuko wengi tuliotoka shule za ufundi, tumetawanyika kwenye vyuo vya ualimu tunajifanya hatujawahi kushika randa.

Kesho kuna semina tena, na nimeshaomba dakika tano. Naenda na boksi, msumari na uzi. Suti nayo ije.

Nimeachwa na mtu wa kupika zamu hii, ngoja nikimbilie Ng'hong'hona kabla mama wa chipsi hajafunga. Na yule binti alinitumia ujumbe kwa simu ya mjomba wake juzi: "Mwl ulisema utaniulizia ile kombi." Sijamjibu bado. Mwenye jibu anitumie, nimpelekee.